Mtakatifu Josephine Bakhita na Njia ya Uponyaji

Kila tarehe 8 Februari Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Josephine Bakhita, mwanamke aliyejeruhiwa hata akasahau jina alilopewa na wazazi wake.

Alizaliwa Darfur, Sudan, yapata mwaka 1869. Akiwa bado mtoto alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa. Hao ndio waliomwita Bakhita, yaani mwenye bahati. Aliuzwa mara kadhaa, akapigwa, akachanjwa chale zaidi ya 100 na kutiwa chumvi katika vidonda. Mwaka 1883 balozi mdogo wa Italia mjini Khartoum alimnunua, na mwaka 1885 akafika Italia, akawa yaya katika familia moja.

Mama mwenye nyumba aliposafiri, alimwacha Bakhita na mtoto kwa Masista Wakanosa wa Venezia. Hapo alianza kufundishwa imani. Mama yule aliporudi kumchukua, Bakhita alikataa. Shauri likafika mbele ya sheria, na tarehe 29 Novemba 1889 ikatamkwa kwamba yeye ni mtu huru. Tarehe 9 Januari 1890 alipokea Ubatizo, Kipaimara na Komunyo ya kwanza. Aliweka nadhiri mwaka 1896, akatumikia Schio kama mpishi, mtunza sakristia na bawabu, hadi alipofariki mwaka 1947. Mwaka 2000 alitangazwa mtakatifu.

Mara nyingi tunapomhubiri tunakimbilia msamaha wake: kwamba angekutana na waliomteka, angepiga magoti na kuibusu mikono yao. Ni kweli. Lakini tutazame yaliyotangulia. Kwanza alipata mahali salama. Kisha alisema hapana, na akasikilizwa. Akapokea sakramenti. Baadaye alisimulia yaliyompata, na mwaka 1931 maisha yake yakatolewa kitabu. Msamaha ulitoka kwa mtu huru, anayejua kwamba ni binti wa Mungu.

Sisi tunaojiandaa kwa upadre tutajiwa na akina mama wenye majeraha, mengine ya nyumbani kwao. Itakuwa rahisi kumwambia mama asamehe, avumilie, arudi. Tukumbuke siku ile ya Venezia: Bakhita aliposema harudi, masista walisimama upande wake.

Mtakatifu Josephine Bakhita, utuombee.