Sauti Iliyotoka Usambiro

Nilipofika Muscat kusoma, kila wazo lililonijia nililiita sauti ya Mungu, hadi mzee mmoja wa kanisani akanipa habari za Thomas Valpy French, aliyezikwa hapa hapa. Alikuwa askofu wa kwanza wa Lahore tangu 1877, akang'atuka 1887. Mwaka 1888 Alexander Mackay, mmisionari wa Uganda, aliandika kutoka Usambiro, kusini mwa Ziwa Victoria kwetu, akiomba wahubiri waje Muscat. Mackay alikuwa mdogo wake kwa miaka 24, lakini askofu alimsikiliza. Alifika Februari 1891, joto likamwelemea, akafariki 14 Mei akiwa na miaka 66. Jamani, siku hizi sikurupuki, nauliza kwanza. Hata askofu aliongozwa!