Burkitt, daktari aliyehesabu hata 'hapana'

Madaktari wanaosomea ubingwa hufundishwa kutibu kwa ushahidi, si kwa mazoea. Marehemu Dk. Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland mwaka 1911, aliyepoteza jicho moja utotoni, aliutafuta ushahidi huo barabarani, hapa hapa Afrika Mashariki.

Mwaka 1957, akiwa daktari wa upasuaji Mulago, Kampala, aliitwa na Dk. Hugh Trowell amwangalie mtoto aliyevimba pembe zote nne za taya. Muda mfupi baadaye akamkuta Jinja msichana mwenye uvimbe huo huo. Wengine wangetosheka na kuandika makala. Burkitt alituma barua hospitali nyingi barani, kisha Oktoba 1961, pamoja na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson, akaondoka Kampala kwa gari kuukuu. Kwa wiki 10 walitembea maili 10,000, wakapita Tanganyika hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Jibu la 'hapana' lilipewa uzito sawa na 'ndiyo', kwani bila hilo ramani isingekuwa na mpaka.

Awali alidhani saratani hiyo hufuata mwinuko wa nchi. Ramani ilimkatalia: ilifuata joto na mvua, kama malaria. Naye akaiacha dhana yake, jambo gumu kwa bingwa yeyote.

Mwaka 1964 watafiti wa London waligundua kirusi cha Epstein-Barr ndani ya uvimbe uliotoka Uganda. Burkitt alifariki dunia Uingereza, Machi 1993.