Mtakatifu Augustino, Mkatekumeni wa Miaka Mingi

Wapenzi wakatekumeni, kila mwaka, tarehe 28 Agosti, Eklezya huadhimisha sikukuu ya Mtakatifu Augustino, Askofu na Mwalimu wa Eklezya. Wengi wenu mmekwisha kusikia jina lake. Lakini pengine hamjui ya kuwa mtakatifu huyo mkubwa alihesabiwa mkatekumeni miaka zaidi ya thelathini. Aliujua uzito wa kungoja, akaijua pia hatari ya kuahirisha. Kwa hiyo maisha yake yawafaa sana ninyi mlio njiani kwenda kwenye ubatizo.

Mtoto wa Afrika

Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba mwaka 354 katika mji mdogo wa Tagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria, kaskazini mwa Afrika. Ni katika nchi hiyohiyo, mjini Alger, lilipoanzishwa mwaka 1868 shirika la Wamisionari wa Afrika, waliofika kwenye Ziwa Tanganyika mwaka 1879.

Baba yake, Patrisi, alikuwa mpagani, mtu mwepesi wa hasira. Mama yake, Monika, alikuwa mkristu mwenye imani thabiti. Augustino alipokuwa mchanga bado, walimtia alama ya msalaba na kumwonjesha chumvi, kama ilivyokuwa desturi ya kuwapokea wakatekumeni siku zile. Lakini hawakumbatiza.

Siku moja, alipokuwa kijana mdogo, alishikwa na maumivu makali ya tumbo, hata ikadhaniwa atakufa. Yeye mwenyewe akaomba ubatizo, naye mama yake akafanya haraka kutayarisha mambo. Ghafula mtoto akapata nafuu, na ubatizo ukaahirishwa. Watu wengi wa wakati ule walifikiri kwamba kijana bado atatenda dhambi, basi heri aoshwe baadaye. Augustino alipokuwa mtu mzima aliliona shauri hilo kuwa baya, sawa na kumwacha mgonjwa azidi kujeruhiwa kwa sababu tu hajapona. Wazee husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Yeye iliumiza roho yake.

Alivyopotea

Alikuwa na akili nyingi. Alisoma kwanza kwao, kisha Madaura, na alipotimiza miaka kumi na saba akapelekwa katika mji mkubwa wa Kartago. Huko alikaa na mwanamke bila ndoa, wakazaa mtoto mwanamume, wakamwita Adeodatus, maana yake aliyetolewa na Mungu.

Akiwa na miaka kumi na tisa alisoma kitabu cha Cicero, mnenaji mashuhuri wa Roma, kilichowasifu watu wanaotafuta hekima. Moyo wake ukawaka. Akafungua Maandiko Matakatifu ili aitafute hekima humo. Lakini alisoma bila kiongozi na kwa moyo wa kiburi. Maneno yale yakaonekana kwake duni mbele ya ufasaha wa Cicero, akakifunga kitabu. Kisha akaingia katika dini ya Wamanikeo, waliofundisha ya kuwa tangu mwanzo ziko nguvu mbili, ya mema na ya mabaya, zinazopigana. Walijisifu kwamba wataeleza kila kitu kwa akili tu. Alikaa kwao miaka tisa. Angalieni basi: huyu hakukosa akili wala vitabu. Alikosa unyenyekevu, na mtu wa kumshika mkono.

Monika hakuacha kumlilia Mungu. Alimwendea askofu mmoja, akamsihi azungumze na mwanawe. Askofu akamshauri amwache kwa sasa na azidi kusali. Akamtuliza kwa kumwambia ya kuwa mtoto aliyeliliwa kwa machozi mengi namna ile hawezi kupotea.

Rafiki aliyetangulia

Wakati huo Augustino alikuwa akifundisha kwao Tagaste, naye alikuwa na rafiki aliyempenda kama roho yake. Rafiki akashikwa na homa kali, akazimia, na jamaa zake wakambatiza hajitambui. Alipopata fahamu Augustino akafanya mzaha juu ya ubatizo ule, akidhani rafiki atacheka pamoja naye. Mgonjwa akamtazama kama adui, akamwonya asiseme tena hivyo kama anataka kubaki rafiki yake. Baada ya siku chache homa ikarudi, akafa. Augustino alilia mno, asiweze kukaa tena katika mji ule. Rafiki aliyemvuta katika upotovu alikuwa amempita njiani, akafika kabla yake.

Kusikia kule Milano

Mwaka 383 alivuka bahari kwenda Roma, na mwaka 384 akawa mwalimu wa unenaji mjini Milano. Askofu wa mji huo alikuwa Mtakatifu Ambrosio. Mwanzoni Augustino alikwenda kumsikiliza kwa ajili ya uzuri wa usemi wake tu. Lakini maneno yalipoingia masikioni, maana yake iliingia pamoja nayo. Akaanza kuelewa kwamba mambo mengi ya Agano la Kale aliyoyadharau yana maana ya ndani. Akawaacha Wamanikeo, akarudi kukaa kanisani kama mkatekumeni, kama mama yake alivyotaka.

Hata hivyo kuijua njia si kuitembea. Alimwomba Mungu ampe usafi wa moyo, na papo hapo aliogopa asisikilizwe upesi. Ndipo akamwendea padri mzee, Simplicianus, kumfungulia moyo. Mzee akamsimulia habari za Victorinus, mwalimu maarufu wa Roma, aliyesoma Maandiko akaamini, lakini akataka kuwa mkristu kwa siri, maana aliwaogopa rafiki zake wapagani. Simplicianus alimjibu kwamba hatamhesabu mkristu mpaka amwone kanisani. Mwisho Victorinus alishinda hofu yake, akaandikisha jina. Mapadri walikuwa tayari kumruhusu aungame imani faraghani. Yeye akakataa, akaiungama mbele ya watu wote, nao wakashangilia. Augustino aliposikia hayo alitamani kumfuata.

Mwezi wa Agosti mwaka 386 alikuwa bustanini pamoja na rafiki yake Alypius. Moyo wake ulipigana vita hata akajitenga chini ya mtini, akalia. Akasikia sauti kama ya mtoto katika nyumba ya jirani, ikirudiarudia kumtaka atwae na kusoma. Akarudi upesi mahali alipoacha kitabu cha barua za Mtume Paulo, akakifungua, akasoma katika Barua kwa Waroma mahali Mtume anapowaagiza waamini kuacha ulevi, uzinzi na ugomvi, na kumvaa Bwana Yezu Kristu. Hakuhitaji kusoma zaidi. Mashaka yake yakatoweka kama giza mbele ya taa. Alypius naye akaamini, na wote wawili wakaenda kumpasha Monika habari.

Kusoma na kubatizwa

Akamwandikia Ambrosio, akamwuliza asome kitabu gani katika Maandiko ili ajitayarishe. Askofu akamshauri nabii Isaya. Augustino akaanza, akaona ni kigumu, asifahamu hata sura za kwanza. Zamani angekidharau. Safari hii alikiweka kando kwa unyenyekevu, mpaka atakapozoea zaidi lugha ya Mungu, akasali kwa Zaburi zilizomgusa moyo. Ninyi mkikuta mahali pagumu katika Kitabu Kitakatifu, fanyeni vivyo hivyo: mwulizeni katekista, na kwanza shikeni yale mnayofahamu. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwanzoni mwa mwaka 387 alirudi Milano, akaandikisha jina pamoja na wengine waliotaka ubatizo. Huyo mwalimu wa mji mzima akaketi kufundishwa pamoja nao. Usiku wa Paska ya mwaka huo Ambrosio akambatiza, pamoja na Alypius na Adeodatus, aliyekuwa na umri wa miaka kama kumi na mitano. Mwaka huohuo, walipokuwa Ostia wakingoja kurudi Afrika, Monika alifariki. Hakujali azikwe wapi. Aliomba tu akumbukwe kwenye altare ya Bwana.

Mwalimu wa wageni

Augustino alirudi Tagaste mwaka 388. Mwaka 391, alipofika Hippo, mji uitwao leo Annaba, waamini walimshika kanisani wakaomba apewe upadri, naye akalia. Baada ya miaka michache akawa askofu wa mji huo.

Karibu na mwaka 400 Deogratias, shemasi wa Kartago aliyewafundisha wanaoanza dini, alimwandikia akilalamika kwamba kazi imemchosha. Alirudia mambo yaleyale, hata yeye mwenyewe hakufurahi tena. Augustino akamjibu kwa kitabu kizima. Alimfundisha amwulize kila mgeni kwa nini amekuja. Amsimulie kazi za Mungu tangu kuumbwa ulimwengu mpaka siku za Eklezya, akikaa zaidi kwenye mambo makuu, ili msikilizaji aamini, atumaini na apende. Akimwona amechoka, ampe kiti, amchangamshe kwa neno la furaha. Na mwalimu akichoka, akumbuke jinsi tunavyofurahi kumwonyesha rafiki mahali pazuri tulipopazoea: macho yake huyafanya yote kuwa mapya kwetu. Akataka pia mgeni aonywe mapema kwamba atakutana kanisani na wakristu walevi, wachoyo na wadanganyifu. Asiwafuate, wala asikate tamaa kwa ajili yao. Awatafute walio wema, naye atawaona.

Augustino alikufa tarehe 28 Agosti mwaka 430, mwenye miaka 75, wakati Wavandali walipouzingira mji wake. Katika ugonjwa wake wa mwisho alitaka Zaburi za toba ziandikwe na kuwekwa ukutani, akazisoma kitandani kwa machozi. Hakuacha mali; alikuwa maskini wa Mungu.

Wapenzi, ukatekumeni ni njia, si mahali pa kulala. Aliyewekewa siku na Eklezya asinung'unike, maana kungoja kwa utii si kuahirisha. Lakini yule anayeijua kweli, naye anachelewa kwa sababu ya jamaa wanaomcheka, au kwa sababu ya dhambi asiyotaka kuiacha, amtazame Augustino. Amwendee padri au katekista, amfungulie moyo wake. Asifanye hivyo kesho, afanye leo.