Bobby Jones: Bingwa wa ridhaa aliyejua lini ashambulie, lini apaki basi

Ubishi wa kushambulia au kujilinda hauishi kwenye vijiwe vya soka. Nenda Kibaha, timu ya mtaa ikiongoza bao moja na dakika zimebaki kumi, nusu ya mashabiki wanapiga kelele vijana warudi nyuma, nusu nyingine wanataka bao la pili. Kisarawe mambo ni yale yale. Na wengi wanaocheza ni wa ridhaa, Jumatatu asubuhi wanarudi kwenye bodaboda, shambani au darasani.

Mmoja wa waliolipatia jibu swali hilo hakuwa mwanasoka. Ni mcheza gofu wa Marekani, Robert Tyre Jones, maarufu kama Bobby, aliyeshindana kwa ridhaa hadi alipostaafu. Wakati wote huo hakuchukua hata senti ya zawadi, lakini aliwabwaga waliokuwa wanaishi kwa gofu.

Kwa shabiki wa Pwani ambaye gofu anaiona akipita tu karibu na viwanja vya Gymkhana au Lugalo jijini Dar es Salaam, mchezo wenyewe uko hivi: mashimo ni 18, na anayemaliza kwa mikwaju michache ndiye mshindi. Kila shimo lina kipimo chake, yaani idadi ya mikwaju ambayo mchezaji mzuri anatakiwa aitumie: mitatu, minne au mitano. Kipimo hicho ndicho kilichokuja kubadili maisha ya Jones.

Alizaliwa Atlanta, jimbo la Georgia, Machi 17, 1902. Utotoni alikuwa dhaifu, chakula kilikuwa hakikai tumboni. Familia ilipohamia karibu na uwanja wa East Lake, dogo akawa anamfuata nyuma kocha wa hapo, Mskoti Stewart Maiden, na kuiga kila anachofanya. Akiwa na miaka 14 tu, mwaka 1916, alitinga robo fainali ya ubingwa wa ridhaa wa Marekani.

Kila mtu akajua taji linakuja. Halikuja. Miaka saba ikapita bila taji kubwa.

Tatizo halikuwa kipaji, lilikuwa kichwa. Jones alitaka kila mpira uwe wa maajabu, na ukienda kombo alikuwa anapandwa na hasira na kurusha fimbo. Mwaka 1921 pale St Andrews, Uskochi, kwenye mashindano ya wazi ya Uingereza, mambo yalimharibikia raundi ya tatu. Shimo la 11 akanasa kwenye mtego wa mchanga, akapiga na kupiga, kisha akaokota mpira na kujitoa. Alikuwa na miaka 19, na aibu ile hakuisahau.

Kilichomwokoa ni wazo jepesi kulisema, gumu kulitekeleza. Aliacha kucheza na mtu, akaanza kucheza na kipimo cha shimo. Mpinzani akipiga mkwaju wa ajabu, Jones hakumkimbilia. Akiharibu, Jones hakulegea. Kipimo hakina hasira wala hakina bahati, hivyo anayekikaribia shimo baada ya shimo, wengine watachoka wenyewe. Kwa lugha ya soka, alijifunza kumiliki mpira badala ya kubutua.

Lakini asidhani mtu kwamba jamaa aligeuka mwoga. Mwaka 1923, US Open pale Inwood, New York, alilingana na Bobby Cruickshank na ikabidi warudiane mashimo 18 kumpata bingwa. Wakafika shimo la mwisho wakiwa sawa. Mbele kulikuwa na maji. Cruickshank, aliyeanza shimo hilo vibaya, akaamua kupiga mpira mfupi ubaki upande wa huku. Mpira wa Jones ulikuwa umekaa pabaya, umbali wa mita zipatazo 170. Hakusitasita. Aliuvusha maji, ukatua hatua chache kutoka kwenye shimo. Taji kubwa la kwanza hilo.

Miaka mitatu baadaye, Royal Lytham, Uingereza, akarudia. Akiwa sawa na Al Watrous na mashimo mawili yamebaki, mpira wake ukaangukia mchangani, mita kama 160 kutoka kwenye bendera, zaidi ya urefu wa uwanja mzima wa mpira. Aliupiga ukatua karibu zaidi ya ule wa Watrous, ambaye moyo ulimvunjika. Jones akashinda kwa tofauti ya mikwaju miwili.

Hapo ndipo somo lilipo. Jones alicheza kwa tahadhari siku nzima ili afike shimo la mwisho akiwa bado na nafasi. Saa ya kuthubutu ilipofika, alithubutu mara moja tu.

Si kwamba kila siku ilimwendea. Mwaka huo huo wa 1926, Walter Hagen, mchezaji wa kulipwa aliyekuwa anapotelea porini kisha anatoka na ushindi, alimchapa Jones kwa mashimo 12 yakiwa yamebaki 11. Na mwaka 1925 alijinyima taji mwenyewe. Kwenye US Open pale Worcester, aliona mpira wake umesogea kidogo kwenye nyasi alipojiandaa kupiga. Waamuzi hawakuona kitu. Yeye akasisitiza aongezewe mkwaju mmoja. Mwishoni akalingana na Willie Macfarlane na kufungwa kwenye marudiano. Mkwaju mmoja ule ulitosha kumpa ubingwa.

Mwaka 1930 ukawa wake wote. Alianza na ubingwa wa ridhaa wa Uingereza, akachukua wa wazi wa Uingereza, akaenda kwao akatwaa US Open, kisha Septemba 27 akamaliza na ubingwa wa ridhaa wa Marekani. Mataji manne makubwa ndani ya mwaka mmoja, na jumla yakawa 13. Akiwa na miaka 28, akatundika fimbo na kurudi kwenye kazi yake ya uwakili.

Alichofanya baadaye ni kulichimbia swali lake ardhini. Akishirikiana na mbunifu Alister MacKenzie, alijenga uwanja wa Augusta, uliopokea mashindano yake ya kwanza 1934. Shimo la 13 lina mkondo wa maji mbele ya bendera: ukiuvuka kwa mkwaju wa pili unavuna, ukishindwa unalia. Kila Aprili mabingwa husimama pale na kuchagua. Hata hivyo uwanja huo ulibeba pia ubaguzi wa zama zake. Mchezaji mweusi wa kwanza kushindana pale, Lee Elder, aliingia 1975, na mwanachama mweusi wa kwanza alipokelewa 1990.

Mwaka 1948 ugonjwa wa uti wa mgongo ulimzuia kucheza tena. Akatembelea fimbo, kisha kiti cha magurudumu. Mwaka 1958 mji wa St Andrews, ule ule alioususia uwanjani akiwa kijana wa miaka 19, ulimpa heshima ya kuwa mwananchi wake, heshima ambayo kabla yake Mmarekani wa mwisho kuipata alikuwa Benjamin Franklin. Alifariki Desemba 18, 1971, akiwa na miaka 69.

Miaka saba ya kushambulia kila mpira haikumpa taji kubwa hata moja. Miaka minane ya kuchagua mpira upi wa kushambulia ilimpa yote 13.