Ian Donald na mwangwi wa tumboni
Kabla ya ultrasaundi, Dk. Ian Donald, mzaliwa wa Uingereza wa mwaka 1910, alihangaikia mashine za kuwasaidia watoto wachanga kupumua. Vitani, akiwa tabibu wa jeshi la anga, alifahamu mitambo inayotafuta vitu kwa mwangwi. Mwaka 1955, akiwa profesa wa ukunga Glasgow, alipakia kwenye gari uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa, akaupeleka kiwanda kilichokagua vyuma kwa mawimbi ya sauti. Ukaonekana! Wapo waliomcheka, mpaka mama aliyedhaniwa ana saratani isiyotibika alipokutwa na uvimbe wa maji tu, akapasuliwa, akapona. Picha zake zilichapishwa mwaka 1958. Alifariki mwaka 1987.

Waliomfuata walijifunza kupima shingo ya kizazi, kwa kifaa kinachopitia ukeni. Mjamzito wa Ukerewe akishikwa na uchungu wiki ya 30, shingo ikizidi milimita 30, mara nyingi hajifungui wiki hiyo. Ikiwa chini ya 15, hatari ni kubwa: ni bora avuke ziwa kwenda Bugando mtoto akiwa bado tumboni, na daktari aamue kuhusu sindano za kukomaza mapafu. Kwa hiyo mama, tumbo likikaza mara kwa mara kabla ya wiki ya 37, nenda kituoni siku hiyohiyo, hata usiku.