Pompeu Fabra

Pompeu Fabra i Poch (Gràcia, Katalunya, 20 Februari 1868 – Prada, Ufaransa, 25 Desemba 1948) alikuwa mhandisi na mwanaisimu kutoka Katalunya, nchini Hispania. Anajulikana hasa kwa kusanifisha lugha ya Kikatalani, yaani kuipatia tahajia, sarufi na kamusi ambazo ndizo msingi wa maandishi yake hadi leo. Alifariki akiwa mkimbizi katika mji mdogo wa Ufaransa, ambao baadaye ulikuja kuwa makao ya chuo kikuu cha kiangazi kinachofundisha kwa lugha hiyohiyo.

Maisha ya awali

Wakati Fabra anazaliwa, Gràcia ulikuwa mji wa peke yake. Leo ni sehemu ya jiji la Barcelona. Alisomea uhandisi wa viwanda, na mwaka 1902 alipata nafasi ya kufundisha kemia katika shule ya uhandisi ya Bilbao, kaskazini mwa Hispania. Elimu ya lugha alijifunza mwenyewe. Mwaka 1891, akiwa na umri wa miaka 23, alikuwa ameshachapisha kitabu cha sarufi ya Kikatalani cha wakati wake, lakini alikiandika kwa Kihispania.

Kusanifisha lugha

Kikatalani kilikuwa na fasihi kubwa katika Zama za Kati. Baadaye Kihispania kilichukua nafasi yake serikalini na shuleni. Watu waliendelea kukizungumza nyumbani na sokoni, ila hapakuwa na kanuni moja ya kukiandika. Kila mwandishi na kila gazeti lilifuata mtindo wake.

Mwaka 1907 ilianzishwa Taasisi ya Masomo ya Kikatalani (Institut d'Estudis Catalans) mjini Barcelona, na mwaka 1911 ikaongezewa idara ya lugha. Fabra aliingia katika idara hiyo, na mwaka 1912 aliacha kufundisha kemia akarudi Barcelona. Mwaka 1913 taasisi ilitoa kanuni 24 za tahajia. Kwa mfano, neno lenye maana ya "rafiki", ambalo wengi waliliandika "amich", likawa "amic".

Tatizo kubwa lilikuwa tofauti za lahaja. Mjini Barcelona herufi "a" na "e" zisizo na mkazo hutamkwa sawa, lakini Lleida na Valencia hutofautishwa. Fabra alitetea kuziandika tofauti, ili msomaji wa kila eneo aone lugha yake katika maandishi yaleyale. Baadhi ya waandishi walizipinga kanuni hizo kwa miaka mingi. Hata hivyo, mwaka 1932 waandishi wa Valencia walikubaliana kufuata kanuni zilizojengwa juu ya msingi huo.

Sarufi yake ilitolewa mwaka 1918, na kamusi yake kubwa, Diccionari general de la llengua catalana, mwaka 1932. Mwaka huohuo alipewa kiti cha Kikatalani katika Chuo Kikuu cha Barcelona, na mwaka 1933 akawa mwenyekiti wa baraza la kukiongoza chuo hicho. Baada ya machafuko ya kisiasa ya Oktoba 1934 alifungwa kwa muda.

Uhamishoni

Mwanzoni mwa mwaka 1939 majeshi ya Francisco Franco yaliiteka Katalunya. Fabra, akikaribia umri wa miaka 71, alivuka mpaka kuingia Ufaransa. Nyumani kwao Kikatalani kiliondolewa shuleni na katika ofisi za serikali. Aliishi sehemu mbalimbali za Ufaransa, na mwisho Prada, chini ya milima ya Pirenei. Mji huo uko katika eneo la Ufaransa ambalo wenyeji wake nao wana asili ya Kikatalani. Mwaka 1945 Chuo Kikuu cha Toulouse kilimtunuku shahada ya heshima, na mwaka huohuo akawa mjumbe wa serikali ya Katalunya iliyokuwa uhamishoni.

Ili wosia wake uweze kuandikwa rasmi kwa Kikatalani, alisafiri hadi Andorra, nchi ndogo ambayo lugha yake rasmi ni Kikatalani. Alifariki siku ya Krismasi mwaka 1948 na kuzikwa Prada. Hakurudi tena Katalunya ya Hispania.

Urithi

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Franco akiwa bado madarakani, Chuo Kikuu cha Kikatalani cha Kiangazi (Universitat Catalana d'Estiu) kilianza kukutana Prada. Wanafunzi na walimu walivuka mpaka ili wasome sayansi, historia na fasihi kwa lugha yao, jambo ambalo vyuo vikuu vya kwao havikuwapa. Franco alifariki mwaka 1975, lakini chuo hicho hakikufungwa. Hadi leo hukutana kila Agosti, na pamoja na masomo huwa na muziki, maigizo na filamu kwa Kikatalani.

Mwaka 1990 Barcelona ilipata chuo kikuu kipya cha umma, kikaitwa Universitat Pompeu Fabra.