Misiani Hakuimba Habari za Nyani

Majuma machache yaliyopita nilikuwa katika mkahawa mmoja mjini Homa Bay, nikisubiri matatu ya kunirudisha nyumbani Migori. Kwenye meza iliyokuwa karibu nami vijana watatu walikuwa wakibishana juu ya mwigizaji mmoja mashuhuri wa runinga aliyetangaza hadharani upande anaouunga mkono katika siasa. Wa kwanza alishikilia kwamba mwigizaji ni raia, na raia ana haki ya kusema. Wa pili akasema kazi ya msanii ni kuburudisha, na akitaka siasa basi na aache uigizaji agombee kiti. Wa tatu, aliyekuwa mpole kuliko wenzake, alitaka kuukata ubishi kwa mfano. Akamtaja marehemu Daniel Owino Misiani wa Shirati Jazz. Huyo, alisema, aliimba kwa miaka 40 habari za wanyama na visa vya Biblia, wala hakujitia katika siasa hata siku moja.

Matatu yangu ilifika kabla sijapata la kumjibu. Tangu siku hiyo jambo hilo limenikera. Si kwamba kijana yule alikosa adabu, la. Alisema kwa moyo safi jambo lililo kinyume kabisa cha ukweli. Na kosa si lake. Ni letu sisi wazee tulioujua ukweli huo tukaunyamazia.

Kama alitaka mfano wa msanii aliyevuka mto wa siasa bila ya kulowa, angemtaja Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, ambaye taifa zima lilimjua kwa jina la Mzee Ojwang' katika Vitimbi. Mgikuyu huyo alivaa jina la Kiluo na lafudhi yake katika runinga ya taifa kwa miaka mingi, nasi huku tukacheka naye bila ya kumwuliza kura yake humpa nani. Misiani hakupata bahati hiyo. Yeye siasa zake zilimfikisha korokoroni.

Alizaliwa Februari 1940 huko Nyamagongo, Shirati, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Mara nchini Tanzania. Wazazi wake walikuwa waimbaji wao wenyewe, lakini kwa sababu ya imani yao ya dini hawakutaka mtoto wao awe mwanamuziki. Hakuwasikia. Miaka ya 1960 alihamia Kenya, akaunda bendi iliyobadili jina mara kadhaa kabla ya jina la Shirati kulikamata sikio la watu. Yeye ni mmoja wa wale waliohamishia kwenye gitaa mdundo wa nyatiti, ile ala ya nyuzi nane ya wazee wetu, wakaupa muziki wa benga ile mbio yake isiyopumzika.

Kutoka Shirati hadi Muhuru ni mwendo ambao mtu aliyezoea kutembea huumaliza kabla ya adhuhuri. Watu ni wale wale, lugha ni ile ile, na samaki ni wa ziwa lile lile. Lakini mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walichora mstari kutoka pwani hadi ziwani, ukaangukia ukingo wa ziwa kwenye nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Mstari huo ulikwisha kumweka Misiani upande wa pili miaka 54 kabla hajazaliwa. Kila nyimbo zake zilipowaudhi wakubwa wa Kenya, alikumbushwa alikotoka. Alikamatwa na kutiwa ndani zaidi ya mara moja, na tishio la kurudishwa Tanzania likamfuata kama deni lisilolipika. Kumbuka, ndugu msomaji, kwamba Tanzania ilifunga mpaka Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kumfukuza mtu wa gitaa katika miaka hiyo kulikuwa ni kumtenga na bendi yake na wasikilizaji wake.

Ili tuielewe imani yake ya kisiasa, sharti tuzikumbuke nyakati zenyewe. Tom Mboya, mwana wa Rusinga, aliuawa tarehe 5 Julai 1969. Oktoba ya mwaka huo huo risasi zililia Kisumu wakati wa ziara ya Rais Kenyatta, na siku chache baadaye chama cha KPU kikapigwa marufuku, kiongozi wake Jaramogi Oginga Odinga akawekwa kizuizini. Juni 1982 Kenya ikafanywa kisheria kuwa nchi ya chama kimoja, na Agosti ya mwaka huo kukawa na jaribio la mapinduzi ambalo athari zake zilifika hadi vijijini kwetu. Nyanza Kusini ilikuwa wakati huo wilaya moja iliyozibeba Migori na Homa Bay za leo. Mtu aliyekuwa na neno alilimeza. Redio ilikuwa ya serikali. Kilichobaki ni santuri na kanda.

Hapo ndipo Misiani alipoifanya kazi yake. Hakutaja jina la waziri. Alimleta mnyama, au mfalme wa kale, au kisa cha Maandiko, akakisimulia kirefu juu ya gitaa, kisha akanyamaza pale pale ambapo jina lilipaswa kutajwa. Msikilizaji ndiye aliyelijaza pengo. Watu wakampa cheo cha Mfalme wa Historia, nao walikuwa na maana yao.

Mimi nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi karibu na Rongo. Jioni tulikusanyika kwa mwenzetu aliyekuwa na redio ya kaseti, tukasikiliza, tukacheka kwa sauti ya chini, kila mmoja akijua ni nani aliyekuwa fisi wa wimbo ule. Asubuhi yake, barazani, tulimpigia makofi fisi yule yule. Mwaka 1988, katika uchaguzi wa mlolongo, nilisimama katika foleni niliyotazamiwa kusimama. Uvumi ulipoenea kwamba nyumba za walimu zingepekuliwa, nilizifukia kanda zangu ndani ya gunia la mahindi. Hakuna aliyekuja kupekua. Nilipozitoa miezi kadhaa baadaye, vumbi la dawa ya mahindi lilikuwa limekwisha kuziharibu, na tatu kati yake hazikulia tena.

Basi Misiani aliamini nini? Kwa kadiri ninavyomwelewa, aliamini kwamba mtawala ni mtu wa kupimwa kwa matendo yake, kama wafalme wa Maandiko walivyopimwa. Na maisha yake yenyewe yalishuhudia kwamba anayeishi chini ya utawala ana haki ya kuupima, awe alizaliwa upande huu wa mpaka au ule.

Wapo watakaosema kwamba fumbo ni ngao ya mwoga, na kwamba mwenye imani ya kweli husema waziwazi. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama fumbo lingemwokoa. Halikumwokoa. Waliomkamata walilielewa vizuri kama tulivyolielewa sisi. Isitoshe, Misiani hakulibuni fumbo kwa ajili ya polisi. Tangu zamani wazee wetu walimkanya mkubwa kwa ngano na methali, ili mwenye masikio asikie na mwenye aibu ajirekebishe.

Wengine watanikumbusha kwamba wanamuziki wa benga wamezoea kuwataja na kuwasifu matajiri wanaowatunza, na kwamba bendi hula kutokana na majina hayo. Ni kweli, na Misiani alikulia katika desturi hiyo. Sidai kwamba alikuwa malaika. Lakini tupime mizani kwa haki. Sifa zilikuwa na majina, nazo zilileta mkate. Lawama hazikuwa na majina, nazo zilileta pingu. Mtu anayeendelea kutoa lawama huku akijua zinakomfikisha, huyo haimbi kwa ajili ya tumbo peke yake.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2002 wengi wetu tulidhani zama za mafumbo zimekwisha. Serikali ya muungano wa NARC iliingia kwa shangwe, na Nyanza ilikuwa ndani yake. Muungano huo ulipoanza kupasuka, tukamsikia Misiani katika Bim en Bim, yaani nyani ni nyani. Huku kwetu hakuna mtu mzima aliyedhani kwamba mzee alikuwa ameingiwa na hamu ya kueleza tabia za nyani. Serikali ilikuwa mpya, yeye alikuwa amezeeka, lakini kipimo chake kilikuwa kile kile. Tarehe 17 Mei 2006 alifariki katika ajali ya barabarani mjini Kisumu, akiwa na umri wa miaka 66.

Mwaka 1989 baadhi ya nyimbo zake zilitolewa Uingereza, zikiwemo zile za Piny Ose Mer, maana yake dunia imelewa. Wasikilizaji wa London walizipenda kwa ajili ya gitaa. Siwalaumu, kwa kuwa hawakuwa na ufunguo. Kinachonihuzunisha ni kwamba sasa watoto wetu wenyewe, wanaokijua Kiluo, wanamsikiliza Misiani kama watu wa London. Maneno wanayasikia, lakini hawajui fisi alikuwa nani, mwaka gani, wala alikula nini.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 33, inaulinda uhuru wa kujieleza na kuutaja waziwazi ubunifu wa kisanaa. Mwigizaji wa leo anaweza kuitangaza imani yake ya kisiasa na kesho yake akarudi kazini. Vijana wale wa Homa Bay walibishana kwa sauti kubwa, mchana, bila ya hata mmoja wao kuutazama mlango. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini ni hatari iwapo watadhani kwamba mambo yamekuwa hivyo tangu awali, na kwamba wasanii waliowatangulia walinyamaza kwa hiari.

Ufunguo wa nyimbo zile umo vichwani mwa watu wa umri wangu na walionizidi, na kila juma tunazikana. Tukiondoka sote, kitakachobaki ni nyani. Kwa hiyo nawasihi walimu wa Migori na Homa Bay wawape wanafunzi kazi hii ya likizo: keti na babu au nyanya, chagueni wimbo mmoja, andika nani alikuwa nani na kwa nini. Vyuo vikuu vya Rongo na Tom Mboya viko karibu, na vinaweza kuyahifadhi madaftari hayo. Serikali zetu za kaunti, zinazolipa wanamuziki kutumbuiza katika sherehe, hazitashindwa kuinunulia kazi hii karatasi.

Nami nimeanza. Juzi usiku nilichukua daftari, nikaandika jina la wimbo mmoja niliousikia Rongo, na chini yake nikaandika fisi alikuwa nani. Ni zaidi ya miaka 30 sasa, na mtu huyo hawezi tena kunidhuru. Hata hivyo, nilipolimaliza jina lake nilijikuta nimegeuka kuutazama mlango.

Kijana wa Homa Bay, ukiyasoma haya, njoo Migori tuketi. Nitakuonyesha daftari.